Ute wa Mtungi wa Sabato

Kila Ijumaa, kabla jua halijatua, Orpah alitayarisha nyumba kwa ajili ya Sabato. Alimenya ndizi na kuzipika. Alipanga kuni. Alichota maji mtoni, akayachemsha, akayaacha yapoe, kisha akayamimina ndani ya mtungi mkuukuu wa plastiki. Kifuniko cha mtungi kilipotea zamani, kwa hiyo aliuziba kwa gunzi la mahindi. Siku ya Sabato hakuna mtu aliyeteremka mtoni. Wote walikunywa maji ya mtungi.

Na karibu kila Jumapili, Manasseh alianza kuharisha.

Manasseh alikuwa na miaka minne. Dada yake, Sheila, alizikwa mwaka uliopita nyuma ya migomba. Ugonjwa wake ulianza vivyo hivyo.

"Maji ninachemsha, Mama," Orpah alimwambia mama mkwe wake, Mong'ina. "Sasa mtoto anaumwa na nini?"

"Ni ule ute wa mtoni," Mong'ina alisema. "Mawe yote yameuvaa. Juzi uliniangusha, nikakaa majini kama bata."

Orpah hakucheka. Asubuhi iliyofuata alimwacha mtoto na bibi yake, akinyweshwa maji ya chumvi na sukari aliyopewa zahanati. Alichukua brashi ya chuma na chupa ya klorini, akateremka mtoni. Alipiga magoti, akaanza kusugua mawe.

Jirani yake Nyamweya alikuwa ng'ambo akikata majani ya ng'ombe.

"Mama Manasseh! Leo unaosha mto? Ukimaliza usisahau kuuanika!"

"Cheka tu. Wako hawaumwi."

Nyamweya alikumbuka kaburi la nyuma ya migomba. Aliinamisha kichwa, akaendelea kukata.

Jiwe moja lilikuwa limeshakuwa jeupe. Orpah alikuwa akifungua chupa aliposikia sauti nyuma yake.

"Bwakire, mama."

Alikuwa Akong'o, afisa wa maji kutoka Nyamira mjini. Yeye ni mtu wa upande wa ziwani, na Ekegusii chake kiliishia kwenye salamu. Aliendelea kwa Kiswahili. "Tafadhali, usimwage hiyo dawa bado. Niambie kwanza kuna nini."

Orpah alimweleza yote. Akong'o alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliokota jiwe lenye ute.

"Gusa. Huu ute uko hai. Ni vijidudu vidogo sana, vimeshikamana kwenye jiwe ili maji yasivichukue. Aina zake ni nyingi kuliko mimea yote unayoiona kilimani. Vingine hutumia mwanga wa jua, kama majani ya chai yako. Vingine hula majani yaliyooza na uchafu uliomo majini. Konokono hula ute huu, na wadudu pia. Ukimwaga klorini hapa, utawaua wote."

"Kwa hiyo maji haya ni safi?"

"Hapana. Huko juu kuna ng'ombe na vyoo. Endelea kuchemsha. Lakini niambie, mtoto huumwa siku gani?"

Orpah alifikiri. "Baada ya Sabato," alisema polepole.

"Na siku ya Sabato anakunywa maji gani?"

Walipanda nyumbani pamoja. Orpah alitoa gunzi kwenye mtungi. Lilikuwa jeusi, limelowa. Akong'o aliwasha taa ya simu, akamulika ndani. Orpah aliingiza kijiti, akakwangua pembeni. Kilitoka na ute wa kahawia.

"Huu pia ni ute wa vijidudu," Akong'o alisema. "Mdomo wa mtungi ni mwembamba, mkono haufiki ndani. Tunasuuza tu. Gunzi likiwekwa chini, au likishikwa na mikono michafu, vijidudu vya ugonjwa huingia na kujificha ndani ya ute. Unachemsha maji vizuri, halafu unayamimina juu ya vijidudu hivyo. Yanakaa humo hadi Jumapili."

Orpah aliketi chini. Kijiti kilikuwa bado mkononi.

"Nilimpa mwenyewe," alisema. "Hata Sheila. Alikuwa akisema, mama, maji."

Mong'ina aliweka mkono begani mwake. Akong'o alizima taa ya simu.

"Kilichomuua Sheila mimi sikijui," Akong'o alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Ulichemsha maji kwa sababu uliwapenda. Sasa lete hiyo klorini. Kazi yake iko hapa."

Walitia kokoto, maji na sabuni mtungini, wakautikisa kwa nguvu. Maji yalitoka ya kahawia. Walirudia mpaka yakatoka meupe. Kisha waliujaza maji yenye klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, wakauacha nusu saa, wakausuuza kwa maji yaliyochemshwa. Mong'ina alilitupa gunzi motoni.

"Na mimi nilisingizia mawe," alisema.

Tangu hapo, kila Ijumaa Orpah alisugua mtungi kabla ya kuchemsha maji. Alinunua kifuniko cha kukaza. Kila mtu alinawa kwa sabuni kabla ya kumimina maji.

Sabato zilipita. Jumapili moja asubuhi Manasseh aliamka, akaenda jikoni kwa miguu yake, akaomba ndizi iliyobaki. Orpah alimtazama akila mpaka akamaliza.

Kisha alichukua ndoo, akapita migombani, akasimama kidogo penye kaburi. Mtoni, lile jiwe alilolisugua lilikuwa limeanza kuvaa ute tena. Konokono mdogo alikuwa juu yake. Orpah alilivuka taratibu, asilikanyage.