Mokami Alipozima Simu

Kila Jumatatu asubuhi, Winfrida Heche alifungua ofisi yake kabla watu hawajajaa kwenye korido. Alikuwa mkuu wa ofisi ya ufadhili katika chuo kikuu kimoja jijini Mwanza. Ofisi hiyo iliwahudumia vijana wanaosomeshwa kwa fedha za wafadhili. Wengi walitoka katika familia za wakulima na wafugaji wa mkoa wa Mara. Winfrida aliwaelewa, maana naye alizaliwa huko Serengeti. Huyu alikuja kwa sababu jina lake limekosewa. Yule alikosa chumba hosteli. Winfrida alimsikiliza kila mmoja na kumwita "mwanangu," hata wale waliomzidi kimo.

Jumatatu hiyo msaidizi wake, Sylvester, aliingia na uso mzito.

"Madam, yule Mokami wa Susuni bado haonekani darasani. Huu ni mwezi wa pili. Tumemwandikia barua pepe, hajibu. Simu haipatikani."

"Mokami yule wa ualimu wa sayansi?"

"Huyo huyo. Ijumaa tunapeleka ripoti kwa wafadhili. Kwa utaratibu, nafasi yake apewe mwingine. Wapo wanaosubiri, Madam, na wao pia ni watoto wa maskini."

Sylvester alisema kweli, na Winfrida alijua hivyo. Lakini alimkumbuka Mokami vizuri. Alikuwa msichana mpole, mwepesi wa hesabu, asiyekosa kipindi. Mtoto wa namna hiyo haachi chuo hivi hivi.

"Kabla hatujamfutia ufadhili, nataka nimwone kwa macho yangu," alisema. "Kesho naenda Tarime."

Kesho yake alipanda basi la alfajiri. Aliposhuka Tarime mjini, alichukua bodaboda hadi kijiji cha Susuni. Dukani aliulizia nyumbani kwao Mokami. Muuza duka alijibu, "Kwa yule mama aliyepooza? Fuata njia hii, utaona migomba."

Hapo Winfrida alianza kuelewa.

Alimkuta Mokami akipalilia mihogo. Binti alipomwona, jembe lilimponyoka mkononi.

"Shikamoo, Madam," alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukujulia hali. Sikuja kukukamata."

Mokami alimkaribisha ndani. Mama yake, Agness, alikuwa amelala kwenye godoro karibu na dirisha. Mkono na mguu wa upande mmoja havikuwa na nguvu. Winfrida aliinama, akaushika ule mkono na kumwamkia. Mama aliitikia kwa shida, maana mdomo ulikuwa umepinda.

"Alianguka shambani," Mokami alieleza. "Daktari alisema ni kiharusi. Baba alishafariki. Nilikuja kumwuguza wiki moja tu, ndiyo nikabaki."

"Kwa nini hukutuambia?"

Mokami alitazama chini. "Niliogopa, Madam. Wenzangu hosteli walisema ukikatisha masomo, wafadhili wanakudai kila walichokulipia. Nikaona watauza hata ng'ombe wa mama. Nikazima simu."

Winfrida alivuta pumzi. Alimhurumia binti huyu. Alikuwa amebeba mgonjwa na hofu kwa pamoja, na hofu yenyewe haikuwa ya kweli.

"Sikiliza, mwanangu. Ufadhili wenu si mkopo. Hakuna atakayekuja kuchukua ng'ombe. Na mwanafunzi akipata tatizo kubwa, anaruhusiwa kuomba kuahirisha masomo. Tatizo linaweza kuwa ugonjwa, msiba, kuuguliwa na mzazi, hata kujifungua. Anapumzika, kisha anarudi kuendelea pale alipoishia."

"Anaombaje?"

"Anaandika barua kueleza shida yake. Anaambatanisha cheti cha daktari, au barua ya mtendaji wa kijiji. Anatuletea sisi, nasi tunawaeleza wafadhili. Lakini lazima aombe mapema. Ukikaa kimya, sisi tunadhani umeacha chuo."

"Sasa mimi nimechelewa?"

Winfrida hakutaka kumdanganya. "Umechelewa. Nitakuombea, ila siwezi kukuahidi. Wenye neno la mwisho ni wafadhili."

Alimtazama mgonjwa. Kisha Winfrida akauliza, "Na wakikuruhusu kuahirisha mwaka mmoja, mwaka ukiisha nani atabaki na mama?"

Mokami alimtaja kaka yake, Brayan. Alifanya kazi ya kuchimba dhahabu na kuishi kijiji cha Kerende na mke wake, Felista. Winfrida alimwomba Mokami ampigie simu. Jioni hiyo wote wawili walifika, wakaketi pamoja karibu na mgonjwa.

"Mama ni wetu sote, nakubali," Brayan alisema. "Ila mimi ni mwanaume. Nitamwogeshaje mama yangu mzazi? Hiyo ni kazi ya binti."

"Sikuja kuvunja mila zenu," Winfrida alijibu. "Kuogesha tuweke pembeni. Kulima shamba hili, nani anakukataza? Kumpeleka mama hospitali kwenye mazoezi ya viungo, nani anakukataza?"

Brayan alikuna kichwa. "Hakuna."

Ndipo Felista akasema, "Kuogesha nitaogesha mimi. Ni mama yangu pia. Tatizo hakuna aliyeniuliza."

Brayan alimtazama mke wake kama mtu aliyesikia habari mpya.

Mama Agness alijaribu kusema. Walisogea ili wamsikie. Alitamka neno moja moja kwa Kikurya, na Mokami akamtafsiria Winfrida kwa Kiswahili huku machozi yakimtoka.

"Anasema nisome."

Waliafikiana. Mokami angekaa na mama mpaka mwaka wa masomo uishe. Felista na Brayan wangehamia Susuni kabla hajarudi chuo. Mokami aliandika barua yake hapo hapo, na Winfrida akaondoka nayo pamoja na cheti cha daktari.

Ijumaa Winfrida alipeleka ripoti. Alieleza yote bila kuficha. Wafadhili walijibu kwa swali: mwanafunzi amepotea miezi miwili, ofisi yako ilikuwa wapi?

Swali hilo lilimchoma. Alikaa nalo siku nzima. Mwishowe alijibu kwamba ofisi yake ilimwandikia barua pepe binti aliye shambani, wala haikumtafuta nyumbani kwao. Haikuwahi kumweleza mzazi yeyote taratibu za ufadhili. Aliahidi kubadilisha hayo, akaomba Mokami asiadhibiwe kwa kosa lisilo lake peke yake.

Majibu yalichelewa. Mokami alipiga simu mara kwa mara, na kila mara Winfrida alimwambia, "Bado, mwanangu. Vumilia." Hatimaye wafadhili walikubali. Nafasi ya Mokami ingemngoja, mradi arudi siku chuo kitakapofunguliwa.

Winfrida naye alitimiza ahadi yake. Siku hizi, kabla ya masomo kuanza, yeye na Sylvester huenda Tarime na Mugumu, wilayani Serengeti, kukutana na wazazi. Hueleza kwa Kiswahili chepesi, na mtu mwingine hueleza kwa lugha ya nyumbani. Huchukua namba ya mzazi na ya jirani. Sylvester ndiye husema kwa sauti kubwa kuliko wote: "Ufadhili huu si mkopo. Mtoto akipata shida, tuambieni kabla hajaondoka chuoni."

Mama Agness alipelekwa mazoezi kila wiki. Sasa hutembea na fimbo hadi jikoni, na humkosoa Felista kwa kuweka chumvi nyingi. Mokami alirudi chuo siku ile ile ya kufungua. Mwaka huu anamaliza.

Wiki iliyopita, kijana wa mwaka wa kwanza aitwaye Gati aligonga mlango wa Winfrida. Begi lake lilikuwa mgongoni.

"Madam, baba amefariki. Nakwenda Serengeti kuzika. Mimi ndiye mkubwa nyumbani, sijui nitarudi lini. Nimeona nikwambie kwanza."

Winfrida alisimama, akamvutia kiti.

"Pole sana, mwanangu," alisema. "Umefanya vizuri kuja. Kaa, tuongee."