Kijiko cha Kuwashia Pikipiki

Nyumba nyingine huamshwa na jogoo. Nyumba hii iliamshwa na kijiko.

Kila alfajiri ilikuwa hivyo hivyo. Baba Kifaranga aliamka, akatafuta ndala zake gizani, akapiga kidole kwenye mguu wa kitanda, akalalamika. Kisha akaenda ukumbini. Mama Kifaranga alibaki kitandani, macho wazi, shuka mdomoni, akisubiri.

Cha!

Mwanga wa buluu ulipita chini ya mlango wa chumba. Harufu ya chuma kilichoungua ikafuata. Halafu pikipiki ikanguruma, mlango wa mbele ukafunguliwa, na Baba Kifaranga akaenda zake kusambaza mikate. Hapo ndipo mkewe alipovuta pumzi.

Kijiko chenyewe kilikuwa cha mkewe. Kilikuwa kijiko kizuri cha chuma, kizito, cha kupakulia mchuzi. Sasa ncha yake ilikuwa nyeusi, imelika pembeni kama biskuti iliyopitiwa na panya.

Mambo yalianza msimu wa mvua. Kitufe cha kuwashia, kile cha kwenye usukani, kilianza kugoma. Leo kinakubali, kesho kinakataa. Kiki ya mguu ilikuwa imevunjika zamani. Basi Baba Kifaranga akakumbuka alichomwona dereva mmoja akifanya kituoni. Unafungua kiti. Chini yake kuna kisanduku kidogo chenye nati mbili nene. Unazigusisha nati hizo kwa bisibisi, mashine inawaka.

"Bisibisi ya nini?" alisema. "Kijiko kipo."

Mkewe hakuipenda kazi hiyo hata kidogo.

"Baba Kifaranga, hicho kijiko kitatuchoma," alimwambia siku moja wakinywa chai.

"Mke wangu, kijiko kimemchoma nani tangu dunia iumbwe? Kinachochoma ni chai."

Binti yao mdogo alicheka mpaka akaanza kukohoa. Kucheka sana kulimletea kikohozi. Alikuwa na pumu. Kifua kikibana, kilipiga mluzi mwembamba, pi, pi, pi, kama kifaranga aliyepotea. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Kifaranga, na wazazi wake nao wakapoteza majina yao.

Mama aliacha maneno, lakini woga haukumwacha. Pikipiki ililala ukumbini kwa kuogopa wezi. Ukumbi huo ndio ulikuwa na mlango wa pekee wa kutokea nje. Usiku, akisikia harufu ya petroli, aliiona ile pikipiki kama fahali aliyelala njiani, kati ya mwanawe na mlango. Akiamka vibaya, je? Alijigeuza upande wa pili. Fahali alikuwepo upande huo pia.

Siku ya siku ikafika, tena mchana kweupe.

Baba alikwenda kwa miguu kunyolewa. Pikipiki aliiacha ukumbini, na simu yake juu ya meza. Mama alikuwa kwenye cherehani yake, karibu na mlango, anapinda upindo wa sketi. Nje kidogo ya mlango, jiko la mkaa lilikuwa linachemsha maharage.

Kifaranga akaja, ameshika ukuta.

"Mama," alisema. Kisha akanyamaza. Pi, pi, pi.

Mama akamkalisha. Akampa dawa yake ya kuvuta. Akasubiri, akampa tena kama walivyofundishwa zahanati. Mluzi haukupungua. Mabega ya mtoto yalipanda na kushuka. Midomo ilianza kupauka.

"Usiogope, mwanangu," alisema mama.

Zahanati ilikuwa ng'ambo ya daraja. Kuendesha pikipiki alijua. Kaka zake walimfundisha akiwa msichana. Akachukua ufunguo, akauzungusha. Akabonyeza kitufe cha usukani.

Kimya.

Akabonyeza tena, kwa nguvu, mpaka kucha ikauma. Kimya.

Kijiko kilikuwa juu ya tanki, mahali pake pa kila siku. Mama alikitazama kama mtu anavyotazama nyoka. Nyuma yake, pi, pi, pi. Mtoto alikuwa amesogea mlangoni kutafuta hewa, amesimama mbele kabisa ya gurudumu, mkono mmoja kwenye kizingiti.

Mama akafungua kiti. Akaziona zile nati mbili. Akakinyanyua kijiko.

Jambo moja hakulijua. Mumewe alikuwa na mazoea ya kuiacha pikipiki ikiwa kwenye gia, isije ikateleza usiku. Yeye kila alfajiri aliitoa gia kwa mguu bila hata kufikiri. Hakuwahi kumwambia mtu.

Cha!

Pikipiki iliruka. Iliruka kweli, kama mnyama aliyechomwa mkuki. Mama alipiga ukelele. Gurudumu la mbele lilikwenda moja kwa moja kuelekea kwa mtoto, likakutana na mguu wa chuma wa cherehani, likageukia kando, na pikipiki yote ikaanguka ubavu kwa kishindo. Kioo kilivunjika. Usukani ulifika kwenye gauni la Kifaranga. Kwenye gauni tu.

Kisha mama akasikia mlio mwingine. Glu, glu, glu. Mfuniko wa tanki haukuwa umekaza. Petroli ilikuwa inatoka. Ilitambaa polepole juu ya sakafu ya saruji, ikafuata mteremko, ikaelekea mlangoni. Kwenye jiko la mkaa.

Miguu ya mama iligoma. Aliona kila kitu, na hakuweza kitu.

"Mchukue mtoto! Toka!"

Sauti ilitoka ng'ambo ya barabara. Ilikuwa ya Bi Waya, fundi wa umeme wa magari. Kibanda chake kilitazamana na nyumba yao. Sauti ile ilimzindua mama. Akairuka pikipiki, akamkumbatia mwanawe, akatoka naye mbio. Bi Waya alipishana nao, akanyanyua jiko na sufuria yake kwa upindo wa kanga, akalipeleka mbali, upande upepo unakotoka. Akarudi na ndoo ya mchanga.

"Maji! Leteni maji!" jirani mmoja alipiga kelele.

"Maji ya nini? Petroli inaelea juu ya maji, utaisafirisha mtaa mzima!" alijibu Bi Waya. "Mchanga! Na wewe mwenye sigara, potea!"

Alimwaga mchanga, akainyanyua pikipiki, akazima ufunguo. Halafu akawapakia mama na mtoto kwenye kigari chake cha kazi, kilichojaa betri kuukuu, wakaenda zahanati.

Muuguzi alimvalisha Kifaranga barakoa ya dawa ya mvuke. Mluzi ukapungua kidogo kidogo. Rangi ikarudi midomoni. Mama alikaa chini sakafuni, akalia bila sauti.

Baba Kifaranga alifika akihema. Habari ilimkuta kwenye kiti cha kinyozi. Nusu ya kichwa ilikuwa imenyolewa, nusu bado. Hakuna aliyecheka. Alimtazama binti yake, akamtazama mkewe, akakaa naye pale pale sakafuni.

"Iliruka," mama alisema. "Iliruka, Baba Kifaranga. Mtoto alikuwa mbele."

"Niliiacha kwenye gia," alisema, na uso wake ukabadilika. "Mimi. Sikukwambia."

Siku ya pili alivuka barabara kwenda kibandani kwa Bi Waya. Mkewe alimfuata. Baba alikuwa amebeba swichi ya taa, nyeupe, ile ya ukutani.

"Nimepata dawa," alisema. "Tutafunga hii badala ya kijiko."

Bi Waya aliishika, akaigeuza.

"Shemeji, hii ukiiwasha inabaki imewaka mpaka uizime, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Basi na mota ya kuwashia itaendelea kuzunguka mpaka iungue. Unataka taa au unataka moto?"

"Je, kitufe cha kengele ya mlangoni? Kile kinarudi chenyewe."

"Hapo umekaribia. Lakini mvua moja tu kitakufa, kile ni cha kukaa chini ya paa. Halafu nani anabisha hodi kwenye pikipiki?"

Mama alitabasamu kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu jana.

"Twendeni nikaione," alisema Bi Waya.

Pikipiki ilikuwa uani. Kwanza kabisa, fundi alitoa ufunguo na kufungua waya wa hasi wa betri. "Kazi yoyote ya umeme inaanzia hapa," alisema. "Ukianza pengine, cheche zitakusalimia." Kisha akafungua kitufe cha usukani. Ndani kulikuwa na uji mweupe uliokauka.

"Hapa mnakanda mkate?" aliuliza.

Ulikuwa unga. Baba Kifaranga alishika mikate, akashika usukani. Unga ukaingia, mvua ikaukoroga, vibati vya ndani vikashika kutu.

"Nitakisafisha," alisema Bi Waya. "Lakini kazi yako ni ya unga na mvua, kitagoma tena. Kwa hiyo tuweke na kitufe cha akiba. Sogea hapa, Mama Kifaranga. Wewe ndiye utakayekitumia siku ya shida."

Mama hakusogea. "Mimi hapo sigusi tena."

"Betri nimeifungua. Leo imelala. Njoo uone kilichokutisha."

Mama akasogea, hatua ndogo, mikono nyuma.

"Hiki kisanduku ni rilei," alisema Bi Waya. "Mchukulie kama bawabu. Umeme mkubwa wa betri umesimama upande huu. Mota ya kuwashia iko upande ule. Kitufe kazi yake ni kumnong'oneza bawabu, fungua. Akifungua, umeme unapita ndani kwa ndani. Kijiko kinafanya nini?"

"Kinapiga shoti," alisema baba.

"Kinavunja mlango! Hakimwulizi bawabu, hakiulizi ufunguo, hakiulizi gia. Na cheche zake ziko pua na mdomo na tanki la petroli."

Akawaonyesha kitufe kidogo cheusi chenye kofia ya mpira. Alikibonyeza, kikarudi chenyewe. Alivuta waya mwembamba kutoka mahali ambapo umeme hufika baada tu ya ufunguo kuzungushwa. Karibu na mwanzo wa waya akaweka fyuzi.

"Waya ukichubuka, fyuzi inakatika. Afe mlinzi, nyumba ipone."

Kutoka kwenye fyuzi waya ukaenda kwenye kitufe. Kutoka kwenye kitufe ukaenda kwenye waya mdogo wa rilei, ule ule unaotoka kwenye kitufe cha usukani. Nati nene hakuzigusa.

"Kwa nini usiufunge waya kwenye nati?" aliuliza mama. Alikuwa ameinama sasa. Mikono haikuwa nyuma tena.

"Kwa sababu hapo pana umeme wa kuunguza kitufe hiki kama kiberiti. Na tungempita bawabu tena. Kwenye pikipiki hii, waya wa pili wa bawabu unapitia kwenye gia na klachi. Ikiwa kwenye gia na klachi hujaibana, bawabu hafungui hata ukilia."

Maungio aliyalehemu, akayavalisha mpira. Waya akaufunga mbali na bomba la moshi. Kitufe akakificha pembeni chini ya kiti, goti lisipofika wala kidole cha mtoto. Mwisho akarudisha waya wa hasi.

"Mama Kifaranga, bonyeza."

"Abonyeze yeye."

"Yeye ana kijiko chake," alisema Bi Waya. "Bonyeza wewe. Mtoto yuko wapi?"

"Nyuma yangu."

"Ndiyo mahali pake. Kamwe asisimame mbele. Sasa ona, ufunguo umezimwa."

Mama alibonyeza huku amefumba macho. Kimya. Bi Waya akazungusha ufunguo, akaingiza gia. Mama akabonyeza, mwili mzima umekaza. Kimya. Akafumbua jicho moja. Bi Waya akatoa gia, taa ya kijani ikawaka.

"Sasa. Bonyeza, hesabu pumzi mbili. Isipowaka, achia, ipumzike, ndipo ujaribu tena."

Pikipiki ikawaka. Hakukuwa na cheche wala harufu. Mama aliutoa mkono haraka kama ameungua, kisha akautazama. Ulikuwa mzima.

Baba Kifaranga alijenga kibanda cha mabati uani, na mnyororo wa kuwakatisha tamaa wezi. Mfuniko wa tanki alinunua mpya. Hakuiacha tena kwenye gia. Fahali akahama ukumbini.

Mvua zikarudi. Asubuhi moja baba alikuwa anapanga mikate kwenye duka la jirani alipoitwa mbio. Alifika uani akamkuta mkewe amekwishampandisha Kifaranga nyuma na kumfunga kwa kanga mgongoni. Pi, pi, pi. Kitufe cha usukani kilikuwa kimegoma. Mama alitazama taa ya kijani. Akashusha mkono chini ya kiti. Mkono ulijua njia.

Pumzi moja. Ya pili.

Ikawaka.

"Nikufuate?" aliuliza mumewe.

"Uza mikate," alisema mama, akatoka.

Walirudi kabla ya mchana, Kifaranga akiuliza kama kuna maandazi.

Na kijiko? Baba alikisugua akakirudisha jikoni, mkewe akakirudisha nje. Kifaranga anachimbia nacho mashimo ya kupandia mboga.

Asubuhi nyingine Mama Kifaranga alifumbua macho, akakuta jua limeshaingia dirishani. Aliruka kutoka kitandani akaenda uani. Pikipiki haikuwepo. Mumewe alikuwa ameondoka zamani, na yeye hakusikia kitu.

"Kifaranga!" aliita. "Mbona hukuniamsha? Nimechelewa!"

"Ulikuwa unakoroma, mama," alisema mtoto.

"Mimi? Mimi sikoromi."

"Ulikoroma mpaka Bi Waya akauliza pikipiki ya nani hiyo imewashwa na kuachwa."