Kamongo wa Kwenye Udongo

Kila Jumamosi, kabla jua halijawa kali, mjukuu wangu Winny hunisaidia kukandika nyumba. Yeye hubeba jembe na karai, mimi mtungi wa maji ya kunywa, kisha huenda kuchimba udongo kwenye kinamasi kilichokauka, pale Mto Nyando unapokaribia ziwa. Jumamosi hiyo alikuja na Metrine, binti wa jirani.

Jembe la Winny lilipasua bonge gumu. Ndani yake alikuwa amejikunja mnyama mweusi, amefunikwa utando kama karatasi kavu, na mapezi yake ni membamba kama kamba.

"Dani, nyoka!" Dani ndivyo anavyoniita mimi, nyanya yake. Akainua jembe.

"Huyo ni kamongo. Ni samaki."

"Samaki gani anakaa kwenye udongo mkavu? Na sura mbaya hivyo! Wacha nimuue."

"Sura mbaya ni kosa? Basi na mimi na makunyanzi yangu nikimbie?"

Metrine akacheka. Winny hakushusha jembe.

"Mtazame kwanza," nikamwambia. "Ukishamtazama, jembe ni lako."

Nilimweka kamongo ndani ya karai, nikammwagia maji yetu yote. Nikawaonya wasitie vidole, maana huuma. Tukachuchumaa. Jua likapanda. Utando ukalainika. Mkia uliokuwa umefunika macho ukakunjuka polepole. Kisha akatoa mdomo juu ya maji, akavuta hewa, haaa, kama mzee anayeamka usingizini.

Winny alikuwa amepiga magoti, pua yake karibu iguse maji.

"Amekaa humo tangu lini?" akanong'ona.

"Tangu maji yakauke. Miezi mingi. Hali, hanywi, anangoja mvua."

"Bado ana sura mbaya, Dani. Lakini siwezi kuacha kumtazama."

Jembe lilibaki chini. Wasichana walibeba karai mpaka mtoni, mmoja huku, mwingine huku, wakitembea kama waliobeba mtoto mchanga. Kamongo akazama bila hata kutuaga.

"Na udongo je?" Metrine akauliza. Tulikuwa tumeusahau kabisa!

Tuliporudi kuchimba, Winny aliniuliza, "Mbona sasa simwogopi?"

"Mimi sikusoma sana," nikamjibu. "Sijui kwa nini jicho hupenda hiki na kukataa kile. Lakini mara nyingi tunaogopa kwanza, halafu tunasema ni kibaya. Kamongo hakubadilika. Wewe ndiwe uliyekaa ukamtazama. Siku nyingine, kabla hujainua jembe, chuchumaa."