Hata Mwili Una Rodaje

Asubuhi za Butembo, mji wa milimani mashariki mwa Kongo, ni za baridi. Ukungu hukaa juu ya mabati, na watu hutoka nyumbani wamevaa makoti. Katika mtaa wa Kimemi, Mbusa, fundi wa pikipiki, alikuwa amechuchumaa mbele ya pikipiki mpya. Mwenye pikipiki, kijana aitwaye Luc, alitaka kuondoka mbio.

"Ngoja kwanza, Luc," alisema Mbusa. "Hii pikipiki iko mupya. Wiki za kwanza, hapana kuikimbiza. Hapana kubebesha mizigo ya nguvu. Iende polepole, ipumuzike, kesho iongeze kidogo. Vyuma vizoeane. Njo tunaita rodaje."

"Na nikiikimbiza?"

"Utanirudishia hapa juu ya chukudu, ile ya mbao ya kusukuma mizigo, imelala kama gunia ya makala."

Luc alicheka. Wakati huo mke wa Mbusa, Kanyere, alitokea kilimani anakimbia. Mvuke ulikuwa unapanda kutoka kichwani mwake. Kanyere aliuza karoti na viazi sokoni. Lakini kila alfajiri, kabla ya soko, alipanda na kushuka vilima vya mji kwa miguu. Hakuna aliyemshinda, mwanamke wala mwanaume.

Ndiyo maana chama cha riadha cha mji kilimchagua. Mwezi uliofuata angekwenda Moanda, kwenye pwani ya Kongo, kukimbia kilometa hamsini na tano. Ni karibu sawa na barabara yote ya Butembo hadi Beni. Chama kilimpa na nguo za michezo za nailoni, koti na suruali, zenye rangi za bendera.

"Banasema Moanda iko joto sana," Kanyere alimwambia mumewe.

"Tushuke Beni kwa Shangazi Eliane," alijibu Mbusa. "Beni pia iko joto. Utazoea."

Wazo hilo lilikuwa zuri. Namna ya kulitimiza ndiyo iliyokuwa mbaya.

Walimwacha mtoto wao, Bénie, kwa nyanya yake, Mama Florentine, mama mzazi wa Mbusa. Wakashuka Beni. Kesho yake, saa sita ya mchana, Mbusa alisema, "Twende sasa. Mwili uonje jua yote mara moja, kisha hautashangaa tena."

"Na maji?"

"Maji itacheza mu tumbo. Utakunywa tukirudi."

Kanyere alivaa koti lake la bendera na kulifunga hadi shingoni. Shangazi alitaka majirani walione. Akashika barabara ya Mavivi, na Mbusa akamfuata nyuma juu ya pikipiki ya kuazima.

"We baba!" mwanamke mmoja aliita kutoka dukani. "Wewe juu ya pikipiki, mama ku miguu! Mumegombana?"

"Anakataa nimubebe!" alijibu Mbusa, na barabara nzima ikacheka.

Hawakufika mbali. Kanyere alianza kwenda upande, kama mtu anayefuata mstari uliopinda. Mbusa alisimamisha pikipiki kando yake.

"Mama, gusa hii karoti," Kanyere alimwambia. "Iko ya leo."

Mbusa alicheka. "Basi nipatie mafungu mbili."

"Chagua, mama. Hapana kuogopa."

Kanyere hakutabasamu. Macho yake yalimpita Mbusa, yakatazama nyuma yake mahali pasipo na kitu. Kisha miguu yake ilipishana, akaanguka.

Mbusa alipiga kelele. Kwa bahati, jirani wa Shangazi alikuwa anatoka kazini kwa njia hiyo. Aliitwa Mama Josée. Alikuwa muuguzi wa serikali, mzaliwa wa Boma, huko magharibi mwa nchi. Alipomgusa Kanyere, alishtuka. Mwili ulikuwa unawaka.

"Mumupeleke mu kivuli! Vua hiyo koti! Leteni maji, ndoo yote!"

Watu walileta maji. Mama Josée alimmwagia Kanyere kichwani, shingoni, kwapani na mapajani. Mtu mwingine alimpepea kwa kipande cha katoni. Mbusa alichukua kikombe, akakipeleka kwenye midomo ya mkewe.

"Hapana, ndeko, ndugu yangu!" alisema Mama Josée. "Mutu mwenye akili inapotea, hapana kumunywesha. Maji inaweza kuingia mu mapafu. Tumupoze, tuendelee kumupoza, na tumupeleke ku santé sasa hivi."

Kwenye kituo cha afya walimpoza tena na kumpima. Malaria haikuonekana. Ilikuwa joto. Jioni Kanyere alifungua macho vizuri.

"Baba Bénie, juu ya nini unalia?"

"Uliniita mama."

"Mimi?"

"Ulitaka kuniuzia karoti."

Kanyere alifikiri kidogo. "Ulinunua?"

Mbusa alicheka huku machozi yanashuka.

Lakini simu ya Mama Florentine haikuwa na kicheko. "Mbusa! Nilimupokea Kanyere kwa wazazi wake akiwa muzima. Mambo ya kukimbia imeisha. Nauza viazi vyangu, kisha nakuja mwenyewe kumuchukua."

"Ndiyo, Mama," alisema Mbusa. Akamgeukia mkewe. "Umesikia. Mimi pia naogopa. Tuache."

Kanyere alitazama miguu yake chini ya shuka.

"Hii miguu imebeba viazi tangu niko mutoto," alisema. "Ya mama yangu, ya soko, ya batu bengine. Mara moja tu nataka inibebe miye mwenyewe. Nione bahari."

Mbusa aliikanda ile miguu polepole. Usiku huo hakulala vizuri, na kulipokucha alikubali wajaribu tena, daktari akiruhusu.

Daktari aliamuru Kanyere apumzike, asikimbie hadi apimwe tena. Siku zilipita, na nguvu zikarudi. Daktari alipomruhusu kuanza polepole, Mama Josée alikuja kuketi uani kwa Shangazi Eliane. Mbusa alimletea kiti.

"Mama Josée, utuambie. Muke wangu anashinda batu bote ku vilima. Juu ya nini Beni imemuangusha?"

Mama Josée alinyoosha kidole. "Angalia ile kamba. Nguo za Shangazi zilianikwa saa gani?"

"Asubuhi," alijibu Shangazi Eliane. "Na zingali na maji. Hewa iko nzito."

"Butembo kuna upepo na baridi," alisema Mama Josée. "Nguo zinakauka. Jasho pia linakauka, na likikauka linapoza mwili. Hapa hewa imejaa maji. Jasho linatiririka tu, linaanguka chini bure. Joto linabaki ndani. Na Moanda, kule karibu na kwetu, hewa iko nzito kupita hapa."

Mbusa alikunja uso, kama anavyofanya akisikiliza injini. "Ni kama matope yameshika ku mapezi ya injini, vile vyuma vya kuipoza. Upepo unapita, lakini hauguse chuma."

"Ndiyo kabisa."

"Na mimi nikaongeza koti ya nailoni." Mbusa alishika kichwa. "Nilifunika injini na turubai!"

"Ilikuwa koti ya bendera," alisema Shangazi kwa sauti ndogo. "Ilikuwa muzuri sana."

Walicheka wote. Kisha Kanyere aliuliza lile lililomkaa moyoni. "Mwili wangu unaweza kuzoea joto, ao haiwezekani?"

"Unaweza. Lakini malembe, malembe, polepole. Unahitaji karibu wiki mbili. Siku ya kwanza, kimbia kidogo tu, asubuhi, mbio ya mutu anayeweza kusimulia habari bila kukatika pumzi. Kesho ongeza kidogo. Mwili utajifunza kutoa jasho mapema. Moyo hautapiga tena kama ngoma. Kisha, siku kwa siku, tutasogea kwenye saa za joto. Ukisikia kizunguzungu, kichwa kuuma, ao kutapika, unasimama siku ile ile."

Mbusa alisimama wima. "Rodaje!"

"Nini?"

"Ni rodaje! Kila siku ninahubiria batu pale Kimemi. Hapana kukimbiza injini mupya! Na muke wangu nilimutupa ku jua ya saa sita, bila rodaje!"

"Na hata chukudu ya kunirudisha haukuleta," alisema Kanyere.

Basi rodaje ikaanza. Kanyere alivaa shati jepesi jekundu, suruali fupi na kofia. Mbusa hakumfuata tena kwa pikipiki. Alitembea hadi kwenye kona, akamngojea na chupa.

Katika chupa mlikuwa na maji ya chumvi na sukari. Mama Josée alikuwa amewaonyesha jinsi ya kuyatengeneza kama hakuna paketi ya kituo cha afya. Lita moja ya maji safi. Vijiko sita vidogo vya sukari, visivyorundikwa. Nusu kijiko kidogo cha chumvi, basi. Hapana kukadiria kwa mkono.

"Kunywa ukisikia kiu, kidogo-kidogo," alifundisha. "Hapana kujaza tumbo. Maji mengi sana pia inaangusha mutu, hasa ikiwa bila chumvi."

Kwa hiyo Kanyere alipanda kwenye mizani ya magunia, kwa jirani muuza mahindi, kabla ya kukimbia na baada ya kukimbia. Akipungua kidogo, ni sawa. Akiongezeka, amekunywa kupita kiasi.

"Gunia hii ni ya nini?" wateja waliuliza.

"Ya karoti," alijibu Mbusa. "Lakini haiuzwe."

Katika wiki ya pili, Mama Florentine aliteremka kutoka Butembo. Bénie alikuwa amemwacha kwa jirani, akaja na mfuko wa viazi na uso wa hasira. Aliingia uani, akaona shati jekundu la Kanyere limewekwa juu ya kiti. Mgongoni lilikuwa na mistari myeupe, imepinda kama vilima.

"Kanyere! Nani alifua hii shati?"

"Mama, karibu. Hiyo shati haija..."

"Sabuni yote imebaki! Kwangu nilikufundisha kusuuza!"

"Haijafuliwa, Mama. Nimetoka kuivua sasa hivi."

"Sasa hii nyeupe ni nini?"

Mama Josée alikuwa mlangoni. "Lamba, Mama."

"Nilambe shati?"

"Kidogo tu."

Mama Florentine alimtazama kila mmoja, akitafuta mtu wa kucheka ili amgombeze. Hakuna aliyecheka. Akaweka ncha ya ulimi kwenye shati.

"Chumvi!"

Shangazi Eliane naye alikuja kulamba. "Eeh! Chumvi ya kweli!"

"Imetoka mu mwili yake," alisema Mama Josée. "Mutu akitoka jasho mingi kwa saa nyingi, anapoteza maji na chumvi. Siku ile alianguka juu ya joto. Lakini mu mbio ya mbali hii pia lazima irudishwe."

Mama Florentine alitazama shati, kisha akamtazama mke wa mwanawe. Uso wake ulianza kulegea.

"Mutoto wangu anavuja chumvi, na nyinyi munamupatia chupa tu? Sufuria iko wapi?"

Alichemsha viazi vyake vidogo vya Butembo, akavinyunyizia chumvi. Kimoja cha kuonja yeye mwenyewe akakimwagia chumvi mara tatu.

"Hapana, Mama," alisema Mama Josée. "Hiyo ni ya mutu wa jasho mingi. Shangazi ameniambia wewe uko na tension, damu ya kupanda. Chumvi yako ni ile ile ya daktari."

"Ah! Hata viazi vyangu bananikataza!"

Kesho yake Mama Florentine alisimama kwenye kona pamoja na Mbusa. Joto lilikuwa limeshapanda. Kanyere alirudi amelowa mwili mzima, lakini alikuwa anakwenda wima. Alikula kiazi, akanywa kidogo, akapanda mizani.

"Mama, umekuja kunichukua?" aliuliza.

"Nimekuja kuleta viazi," alijibu Mama Florentine. "Nani alisema mengine?"

Kabla hawajapanda ndege kwenye uwanja wa Mavivi, Mama Josée alimvuta Mbusa pembeni. "Siku ya mbio, kila ukimuona, muulize swali moja. Akijibu vibaya ao akienda upande, mbio imeisha. Hata kama mwisho unaonekana."

"Nitamuuliza: mimi njo nani?"

"Na nikijibu vibaya, nitasimama," alisema Kanyere, aliyekuwa amewasikia. "Hata nikilia."

Huko Moanda jua lilipochomoza, hewa ilikuwa tayari imelowa. Wakimbiaji wengi walitoka kama pikipiki za vijana. Kanyere alibaki nyuma, anakwenda kwa mwendo wa mtu anayesimulia habari. Kwenye mwinuko alitembea. Kwenye kila kituo alijimwagia maji shingoni, akala kiazi, akanywa kidogo.

"Mimi njo nani?" aliuliza Mbusa kwenye kituo cha kwanza.

"Fundi wa Kimemi."

"Mimi njo nani?" kwenye cha pili.

"Baba Bénie. Mutu wa rodaje."

Mchana jua lilikaza. Wale waliotoka mbio walianza kuketi kando ya barabara, mikono kichwani. Kanyere aliwapita mmoja mmoja. Mbusa alimngojea kwenye kituo cha mwisho, chupa mkononi. Alimwona anakuja, kofia imeshuka usoni.

"Mimi njo nani?"

Kanyere alipunguza mwendo. Alisimama, akamtazama.

"Kanyere! Mimi njo nani?"

"Uko mama wa kununua karoti," alisema. "Nunua, ao utoke mu njia!"

Chupa ilimponyoka Mbusa. Alikuwa ameshanyoosha mkono amshike, ndipo alipoona meno yake yote yakicheka.

"Baba Bénie, lete kiazi. Bahari iko pale."

"Siku moja utaniua, we mwanamuke!"

"Siyo leo."

Mbusa alimtazama anavyokwenda. Alikuwa wima kabisa. Alimaliza wa nne kati ya wanawake wote, na mtu wa kwanza kutoka milimani. Hakuanguka. Alipovuka mstari, hakusimama. Aliendelea polepole hadi mchangani, hadi majini, na wimbi likampiga usoni.

Alitoka akilamba midomo, akamwomba Mbusa simu.

"Mama Florentine? Nimefika! Niko muzima. Niko mu bahari. Na unajua, Mama? Hata bahari hawakuisuuza!"

Kule Butembo, katika baridi yake, Mama Florentine alicheka hadi Bénie naye akacheka bila kujua sababu.

"Iache tu, mutoto wangu," alisema. "Labda nayo ilikimbia mbali."