Waya wa Nyuma ya Bafu

Aliyemwambia Radhia kwanza ni wifi yake, Fatu. Alikuja mchana kumwona mtoto, akakaa sebuleni, akainamisha kichwa upande wa spika.

"Wifi, hiki chombo chenu hakivumi tena. Kinanyonya."

"Toka hapa na utani wako."

"Sikiliza basi."

Radhia alisikiliza. Mm. Kimya kidogo. Mm. Kama mdomo uliojaa. Mara maziwa yakamtoka, yakalowanisha gauni, na Rukaya mwanawe alikuwa amelala chumbani wala hajalia. Siku tatu sasa maziwa yalimwagika hivyo, mtoto akipewa ziwa tupu, na mbavu zake zilianza kuonekana.

Amplifaya na spika mbili mumewe, Abdulmajidi, alizileta kutoka Dar es Salaam mwaka ule maduka yalipoanza kujaa vitu vya nje. Tangu alipoziwasha hapo Singida mjini, zilivuma. Siku tatu kabla ya Fatu kuja, aliitwa Fundi Fabiano. Alichomoa nyaya za kaseti, mvumo ukabaki. Akaisogeza amplifaya mbali na ukuta, ukabaki. Akasema inakosa ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini.

"Nionyesheni udongo mbichi, shemeji. Huu wenu mkavu kama ugali wa juzi."

Kiangazi kile udongo mbichi ulikuwa sehemu moja tu, nyuma ya bafu, yanakotokea maji ya kuoga. Hapo ndipo mama mkwe alipofukia kondo la Rukaya, mwezi na nusu uliopita. Radhia alijua. Lakini neno kondo angelitamkaje mbele ya mwanamume wa nje?

"Pale si pazuri," alisema, akitazama chini.

"Ndipo penyewe, pamelowa!" Fundi alipigilia nondo ya kufungia waya ule. Mwishoni iliteleza yenyewe, kama imeingia kwenye kitu laini. Alipofunga waya mvumo ukakatika, na Abdulmajidi akapiga makofi.

Sasa Fatu alipoondoka, Radhia alichomoa plagi. Kunyonya hakukukoma. Alibandua kitambaa cha spika, akaona karatasi nyeusi ya ndani imelowa, ina utando mweupe uliochachuka, na harufu ya maziwa yaliyooza pamoja na ile damu ya uzazi aliyoijua mwenyewe ilimwingia kooni mpaka akatapika, na kila alipotapika karatasi ile ilivutika ndani ikarudi, ikavutika ikarudi, huku matiti yake yakilegea na kukauka, na Rukaya ameamka, analia kwa sauti ndogo ya mtu aliyechoka.

Alimbeba mtoto mbio mpaka kwa mama mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona mbio hivi na mtoto?"

Radhia alieleza. Mama mkwe alishusha sauti.

"Fundi anapigilia pale, wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mama. Niliona haya."

"Haya! Pale bafuni pana mwenyewe, asiye mtu. Kondo lilimshibisha, akalala. Sasa mmempa mrija. Twende, ukang'oe wewe uliyezaa."

Radhia alivuta nondo kwa mikono miwili. Ilitoka na ute wa uvuguvugu, na kwenye ncha yake nyama iliyopaswa kuwa imeoza zamani ilikuwa bado mbichi, nyekundu, inapwita, na alipoishika aibandue ikamng'ang'ania kidole kwa ufizi usio na meno, ikaanza kunyonya. Mama mkwe aliimwagia chumvi mpaka ikaachia, akaifukia mbali. Spika walizichoma moto jioni ile ile.

Maziwa yalirudi. Rukaya alinyonya, akashiba, akalala.

Asubuhi yake Radhia alimpakata, akampa ziwa. Mtoto alinyonya kidogo, akaliachia. Mm, ikasikika. Mm. Mdomo wa Rukaya ulikuwa umefumba. Sauti ilitoka tumboni mwake, na pumzi yake ilinuka kama ile karatasi.

"Mke wangu," Abdulmajidi aliita uani, "si tulizichoma zile spika?"

"Ni mimi, namwimbia mtoto," Radhia alijibu. Akafunga mlango, akamgeuzia ziwa la pili.