Kabari Nyuma ya Gurudumu

Uliliona gari lile. Usikunje uso, uliliona. Kila asubuhi lilisimama kwenye mteremko wa barabara ya shule, kubwa, la kijani, la viti saba. Mlango ulifunguka. Msichana wa miaka tisa akashuka na kipande cha mbao mkononi, akainama nyuma ya gurudumu, akakisukuma kwa kiganja. Wewe ulikuwa hatua kumi kutoka pale. Ukatazama simu yako.

Kisha mambo yakiharibika tunasema, "Jamani, kumbe!"

Mimi sina "kumbe". Ninakumbuka. Miaka kumi na mmoja iliyopita, lori la matofali lilirudi nyuma lenyewe kwenye mteremko huu huu, likaingia kwa kinyozi bila kubisha hodi. Dereva wake alikuwa amesema kwa mdomo wake kwamba gia zinamsumbua. Tulimsikia, tukamtania. Siku hiyo kinyozi alikuwa ametoka kununua wembe, nasi tukasema, "Bahati." Tangu hapo bahati ndiye fundi wa mtaa huu, na hajawahi kukaza nati hata moja.

Basi sikiliza habari ya gari la kijani.

Lilikuwa la seremala na mkewe mshonaji. Asubuhi lilipeleka watoto shule. Mchana lilibeba mbao. Jioni lilibeba marobota ya vitambaa na sare za wanafunzi. Mume aliliendesha, mke aliliendesha. Lilikuwa gari la otomatiki, lisilo na klachi. Unasogeza mkono wa gia tu: D kwenda mbele, R kurudi nyuma, P kuegesha.

Siku moja seremala aliingia chumba cha kushonea, akasimama mlangoni.

"Mama watoto, gari linachelewa kushika. Natia D, nahesabu moja, mbili, tatu, ndipo linashtuka kama mtu aliyeitwa usingizini."

"Lipeleke kwa fundi," mke alisema, mguu ukiwa kwenye cherehani.

"Ndiyo, nataka nilipeleke kwa Spana."

Cherehani ikanyamaza.

Spana ni mwanamke. Ana gereji nyuma ya soko. Mikono yake ina grisi mpaka viwiko, na macho yake yana wanja. Hakuna anayezijua giaboksi, yale masanduku ya gia, kama yeye.

"Mafundi wote wa mji huu wamekufa?" mke aliuliza.

"Wapo. Lakini giaboksi si kazi ya kila mtu."

"Na huyo Spana anakujua wewe kuliko giaboksi."

"Tulisoma chuo kimoja cha ufundi, basi."

"Chuo kimoja, benchi moja, na mwavuli mmoja mvua ikinyesha. Dada yako aliniambia."

"Mvua ilinyesha mara moja tu!"

"Kumbe hata idadi unaikumbuka."

Seremala akarudi kwenye mbao zake. Cherehani ikaanza tena, kwa kasi ya hasira, na ile sare iliyokuwa chini ya sindano ikashonwa mikono yote upande mmoja.

Wiki iliyofuata mshonaji alipita nyuma ya soko. Alikwenda kununua uzi. Duka la uzi liko upande mwingine kabisa wa mji, lakini miguu ina akili yake. Akachungulia gereji. Spana alikuwa amelala chini ya gari, miguu tu nje. Ukutani kulikuwa na meza ndefu ya kuwekea vyuma. Pembe zake zilikuwa za mviringo, zimepigwa msasa hadi zikawa laini.

Mshonaji aliijua mikono iliyozichonga pembe zile. Meza yake ya kukatia vitambaa ina pembe hizo hizo.

Alirudi nyumbani bila uzi. Usiku ule chakula kilikuwa na chumvi ya kutosha watu ishirini.

Gari nalo halikungoja wivu uishe. Likaanza kudondosha matone mekundu chini, pale lilipoegeshwa. Mshonaji aliyaona wakati anafagia, akayafukia kwa mchanga. Siku nyingine alikuwa anakatiza barabara kubwa, watoto wawili wako nyuma. Akakanyaga mafuta. Injini ikalia kwa sauti kubwa, lakini gari likatambaa kama konokono. Basi lilikuwa linakuja upande wa kulia. Dereva wake akapiga honi ndefu, akapinda, akamtukana yeye na ukoo wake wote.

"Mama, kwa nini gari linapiga kelele halafu haliendi?" binti aliuliza.

"Limechoka," mama alijibu. "Nyamaza."

Alijua. Hilo ndilo linaloniuma. Alijua, lakini akisema gari ni bovu, mume atasema Spana. Basi akachagua kunyamaza, kila siku, kwenda na kurudi, na watoto ndani.

Mume naye hakuwa bora. Siku gari liliposogea lenyewe uani likiwa kwenye P, akaogopa. Lakini aliogopa zaidi maneno ya nyumbani. Akafanya jambo ambalo seremala peke yake angelifanya. Alichonga kabari. Si kipande cha hivi hivi! Mbao ngumu, imepigwa msasa, imepakwa vanishi, ina mshikio wa kamba ya bluu. Akampa binti.

"Gari likisimama, unashuka, unaweka hii nyuma ya gurudumu. Kuanzia leo wewe ni Waziri wa Kabari."

Mtoto akafurahi. Tangu siku ile hata mdogo wake alimwita Waziri. Na sisi mtaani tukamwita Waziri. Tukacheka, "Waziri, serikali iko salama?" Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kwa nini gari zima linashikiliwa na mtoto wa darasa la nne.

Jumanne moja mshonaji alisimamisha gari kwenye mteremko, hatua chache kabla ya lango la shule. Akasogeza mkono wa gia mpaka P. Breki ya mkono hakuivuta. Walikuwa hawaivuti kamwe, kwa sababu mtu fulani aliwaambia gari la otomatiki likitiwa P inatosha. Waziri akashuka na kabari yake. Yule mdogo kwenye kiti cha nyuma akaanza kulia: kiatu kimeanguka. Mama akageuka kukiokota. Mguu wake ukaacha breki.

Gari likarudi nyuma.

Halikurudi kwa kasi. Lilirudi polepole, kimya. Mshonaji aliinua macho, akaona kwenye kioo utepe mweupe wa nywele za mwanawe. Kisha hakuuona. Akasikia kitu kinapasuka chini ya gurudumu, kraa!

Alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Akapiga kelele ambayo bado naisikia.

"Waziri! Mwanangu! Waziri!"

"Mama, nipo huku."

Sauti ilitoka mtaroni. Mtoto alikuwa amejirusha. Goti linavuja damu, sare imechanika, mfuko wa madaftari umelala chini ya gurudumu, bapa kabisa. Kilichopasuka kilikuwa kabari. Mbao ngumu ile, na vanishi yake, imegawanyika vipande viwili.

Watu wakajaa. Unajua walisema nini? "Pole mama. Bahati."

Mshonaji hakuweza kuondoa miguu kwenye breki. "Wekeni mawe," alisema. "Magurudumu yote. Mtoto asikae nyuma ya gari. Mtu yeyote asikae nyuma." Mawe yakawekwa. Kisha akasema neno ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Mwiteni Spana."

Spana alikuja kwa miguu, mkoba wa vyombo begani. Seremala naye alikuwa amefika, anapumua kwa nguvu, amembeba Waziri kama kichanga. Spana hakumtazama kwanza. Alitazama mawe, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akalala chini, akamulika tochi. Alipotoka, vidole vyake vilikuwa na oili nyeusi yenye harufu ya kuungua.

"Seremala, nilikuambia pale njia panda, miezi mitatu iliyopita. Nilikuambia lilete."

"Kumbe mlikutana njia panda!" mshonaji akaruka. Hata pale, machozi hayajakauka, wivu ulipata nafasi ya kukaa.

Spana akamgeukia. "Tulikutana, dada. Nilikuwa nimebeba ndoo ya grisi. Kama kuna mapenzi yanayoota kwenye ndoo ya grisi, mimi sijayaona. Sasa nisikilize, maana mtoto wako ndiye angelipia maneno haya."

Mshonaji akasogea karibu.

"Huu mkono wa gia juu unasema P. Lakini chini kule giaboksi haijasikia. Katikati kuna kebo, kama ile ya breki ya baiskeli. Mwisho wa kebo kuna kibushi, kitu kidogo kama kifungo cha shati. Kimelika. Wewe mshonaji, kifungo kikitoka, shati linafungika?"

"Halifungiki."

"Basi gari lenu lilikuwa wazi kifua, mnadhani limefungwa. Na hata P ikiingia vizuri, gari linazuiwa na jino moja la chuma. Jino lenye ukubwa wa kidole."

"Gari lote hili? Kidole kimoja?"

"Ndiyo maana ipo breki ya mkono. Yenu imeshika kutu kwa kukaa bure. Kukiwa na mteremko, unakanyaga breki ya mguu, unavuta breki ya mkono, unatia P. Halafu unaachia mguu taratibu, uone kama gari limekaa. Mtoto ashuke baada ya hapo. Na hakuna mtoto anayeinama nyuma ya gurudumu. Kamwe!"

"Na yale matone mekundu?" mshonaji aliuliza kwa sauti ndogo. "Niliyafukia."

Seremala akageuka, akamtazama mkewe.

"Ile ni oili ya giaboksi," Spana alisema. "Sili, ile raba ya kuzuia oili, imekauka, oili inatoka. Ikipungua, gia zinateleza. Injini inalia, magurudumu hayapati nguvu."

"Kama siku ile ya basi, mama!" Waziri alisema.

"Basi gani?" seremala akauliza.

Mshonaji alikaa chini ukingoni mwa mtaro, kanga usoni. "Nilijua," alisema. "Nilisikia gari linalia nikamwambia mwanangu limechoka. Nilijua, nikakuonea wewe wivu."

"Nionee," Spana alisema. "Mimi si malaika. Hata mimi nakuonea, una mume na watoto, mimi nina vyuma. Lakini nionee wivu gari likiwa zima."

Gari halikuvutwa kwa kamba. Spana alikataa. Alisema gari la otomatiki likiburutwa huku magurudumu yanazunguka, giaboksi huumia zaidi. Likapakiwa juu ya lori.

Mshonaji alikwenda gereji siku zote tatu za matengenezo. Alibeba nguo za kushona kwa mkono, akaketi. Alikuja kumlinda mume. Lakini macho yaliyozoea kutafuta mshono mbaya hayawezi kukaa bure. Akaona sili ya zamani, ngumu kama kucha. Akaona kibushi kipya kikiingizwa kwenye kebo. Akajifunza kuchomoa kijiti cha kupimia oili, kukifuta kwa kitambaa cheupe, kutazama: nyekundu safi ni nzuri, nyeusi yenye harufu ya kuungua ni hatari. Spana alimwonya pia kwamba magari mengine hayana kijiti hicho, hayo ni ya kupimiwa na fundi, na kwamba oili ni ile tu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, si yoyote iliyopo dukani.

Siku ya mwisho aliweka kikombe juu ya ile meza yenye pembe za mviringo. Kikombe kikayumba.

"Kazi ya mumeo hiyo," Spana alisema. "Aliitengeneza tukiwa chuoni. Inayumba tangu siku ya kwanza, nimeweka kigae chini ya mguu."

Mshonaji aliinama, akakiona kigae. Akacheka mpaka akashika mbavu. Meza yake ya nyumbani haijawahi kuyumba.

Sasa gari la kijani likitiwa D linashika papo hapo. Likiegeshwa, breki ya mkono inasikika, krrr, kabla ya mlango wowote kufunguka. Likichelewa kidogo, likitoa tone, ikiwaka taa ya onyo, mshonaji halingojei liseme mara ya pili. Analipeleka gereji. Analipeleka mwenyewe, ndiyo. Mume anabaki na mbao zake.

"Mimi sasa ni waziri wa nini?" binti aliuliza.

"Waziri wa Kukaa Kitini Mpaka Uambiwe."

"Hiyo si wizara!"

"Ndiyo kubwa kuliko zote," alisema mama.

Vipande viwili vya kabari vimetundikwa mlangoni kwa seremala, na ile kamba ya bluu. Anavipita kila siku. Ninafurahi kwamba anavipita.

Na wewe? Gari lako linachelewa kushika, nawe unafungulia redio sauti ya juu usilisikie. Kuna doa chini yake na umelizoea. Fundi anayejua yupo, lakini mmegombana, au ni shemeji, au ni mwanamke, au amefanikiwa kukuzidi. Sitaki kusikia. Inuka sasa hivi. Chungulia chini ya gari lako. Vuta breki ya mkono, uone kama inashika. Ukiona dalili moja tu, liegeshe mahali tambarare, mpigie fundi huyo huyo usiyempenda. Na kesho ukimwona mtoto wa mtu ameinama nyuma ya gurudumu, usitazame simu. Mtoe.

Bado umekaa? Nimesema inuka.