Barua Nilizoandika kwa Jina Lake

"Anataka siku ishirini na moja," nikamwambia. "Na hataki mwindaji mwingine yeyote. Anakutaka wewe."

Kimya alikuwa amekaa kwenye ukingo wa meza yangu ofisini, anasugua darubini yake kwa kitambaa. Hakuinua macho.

"Si aliomba saba?"

"Amebadilisha. Anaingia tarehe moja, anatoka ishirini na moja. Sasa angalia mwenyewe tarehe kumi na tano inaangukia wapi."

Tarehe kumi na tano ilikuwa harusi yetu. Kadi zilishatoka, ukumbi tulishaushika, na dada yangu fundi cherehani alishaanza kulikata gauni. Nilisubiri mchumba wangu acheke, aseme huyo mwanamke ana wazimu, aniambie niandike hapana. Akamaliza kioo kimoja cha darubini, akahamia cha pili.

"Bosi anasemaje?"

"Anasubiri neno lako."

"Basi niache nifikirie."

Afikirie nini? Hapo ndipo moyo wangu uliposhika moto, na sitawaficha, haukupoa kwa miezi miwili.

Ngoja niwaeleze kazi yetu. Ofisi yetu inapokea wageni kutoka ng'ambo wanaokuja kuwinda. Mgeni wa mara ya kwanza hajui kitu. Huko kwao amezoea kuwinda akiwa amekaa kwenye kiti juu ya mti, anasubiri mnyama apite. Hajawahi kumfuata nyati kwa miguu tangu alfajiri. Kwa hiyo kabla hajapanda ndege tunamfundisha kwa barua miezi na miezi: bunduki aiandikishe vipi, achanjwe nini, na azoee kulenga akiwa amesimama, bunduki ameiegemeza kwenye fito tatu zilizofungwa pamoja, maana porini hakuna meza.

Bosi ana sheria moja hapo. Barua zote zitoke kwa jina la mwindaji bingwa atakayetembea na mgeni, ili mgeni afike akiwa ameshamwamini. Wawindaji wengine wanaandika wenyewe. Wangu mimi anaitwa Kimya, na jina hilo hakupewa bure. Lugha ya wageni anaijua vizuri tu, ila mpe kalamu uone atakavyotoka jasho. Kwa hiyo naandika mimi, karani wa wageni. Yeye anapewa nakala asome, asije akaulizwa jambo akabaki amekodoa macho.

Mgeni mwenyewe alikuwa daktari wa meno, mwanamke wa miaka thelathini na tisa, ameachika. Yote hayo yalikuwa kwenye fomu, pamoja na picha. Alikuwa mzuri. Haya, nimesema.

Miezi minane nilimwandikia. Barua moja ilisema hivi:

"Viatu usije navyo vikiwa vipya. Anza kuvivaa sasa, nusu saa kila siku. Je, vinakubana kidole kidogo? Niambie bila aibu. Porini kidole kimoja kinaweza kukuharibia safari nzima."

Mimi nilidhani nafanya kazi. Kumbe mwenzangu upande wa pili anayeyuka. Barua aliyobadilishia siku ilisema:

"Rafiki yangu mpenzi, katika miaka kumi ya ndoa hakuna aliyewahi kuniuliza habari za miguu yangu. Barua yako niliisoma kliniki, mgonjwa ameachama kwenye kiti ananisubiri. Siku saba hazitoshi kumfahamu mtu kama wewe."

Nikampigia dada.

"Subiri kwanza," akasema, cherehani ikinguruma nyuma yake. "Hizo barua aliandika nani?"

"Mimi."

"Kwa maneno ya nani?"

"Yangu."

"Sasa unamwonea wivu nani, mdogo wangu? Umemtongoza mwanamke mwenyewe, halafu unakuja kunililia mimi."

"Jina ni la Kimya, dada. Atakayekumbatiwa kiwanja cha ndege si mimi."

"Mwambie asiende."

"Simwambii ng'o. Ajue mwenyewe."

"Haya, kaa na kiburi chako. Mikono ya gauni niikate mirefu au mifupi?"

Wiki mbili baadaye kikaja kifurushi. Ndani kulikuwa na kisu cha kuchunia, mpini umechongwa jina la mchumba wangu. Kimya alikijaribu makali kwenye ukucha wa dole gumba, akatabasamu. Miaka mitatu niko naye, na naweza kuwahesabia mara alizotabasamu mbele ya watu.

"Andika asante," akasema. "Iwe nzuri."

"Nzuri namna gani?"

"Kama zile nyingine."

"Kumbe unazisoma."

"Zote. Nimezihifadhi."

"Unazihifadhi za nini?"

Akakitia kisu mfukoni. Alipofika mlangoni akageuka.

"Bosi nimemwambia naenda. Siku zote ishirini na moja. Harusi tutaisogeza mbele."

Nilitaka kumkatalia, lakini mdomo wangu ulikuwa na akili zake.

"Sawa," nikasema.

"Sawa tu?"

"Ulitaka niseme nini? Kazi ni kazi."

Alisimama pale mlangoni muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akaenda.

Sasa sikilizeni nilichofanya, mnihukumu. Siku hiyo ilikuwa zamu ya barua ya mwisho, ile ya nguo. Karani yeyote wa kazi hii anajua mgeni haji na buluu wala nyeusi. Kitalu chetu, yaani eneo letu la kuwindia, kimejaa mbung'o, wale nzi wanaouma mpaka juu ya shati, na rangi hizo mbili zinawaita kama wamealikwa. Hata mitego yao inatengenezwa kwa kitambaa cha buluu. Mimi nikamshukuru mgeni kwa kisu, halafu nikaandika:

"Kuhusu nguo, leta za buluu. Shati, suruali, kofia, hata soksi. Naipenda sana buluu. Nikikuona nayo nitajua ulikuwa unanikumbuka."

Nikaituma kabla dhamiri haijaamka. Nakala ya Kimya nikaikunja, nikaitia kwenye droo yangu. Chai ya siku ile ilinoga.

Tarehe moja ikafika. Ofisini kwetu tunapokea wageni barazani kabla ya kuondoka kesho yake alfajiri. Gari likasimama, mlango ukafunguka, na Daktari wa Meno akashuka. Jamani. Kofia ya buluu, shati la buluu, suruali ya buluu, hadi kamba za viatu. Akamwendea Kimya moja kwa moja, akamshika mikono yote miwili.

"Kitabu changu cha safari kilinikataza rangi hii," akamwambia, "lakini nikasema nitakusikiliza wewe."

Kimya alimtazama kuanzia kofia hadi viatu. Halafu akanitazama mimi. Akamkaribisha mgeni kiti kwa heshima, akamwagizia maji ya kunywa, akaniambia kwa sauti ya kawaida:

"Njoo stoo mara moja."

Stoo kulikuwa na harufu ya turubai. Akafunga mlango.

"Ulisahau?"

"Sikusahau."

Akakaa juu ya sanduku la vyombo.

"Mgeni anayeumwa na mbung'o hatulii. Nyati yuko hatua thelathini, yeye anajipiga kofi shingoni. Nyati akishtuka anakuja. Anayesimama mbele ya mgeni ni nani?"

Kwa kweli sikuwa nimefika huko. Niliwaza uso umevimba na picha mbaya, basi, nikaishia hapo. Sasa nilimwona yeye amesimama mbele ya yule mnyama kwa sababu ya sentensi yangu.

"Ni nani?" akarudia.

"Wewe."

"Ulipoona naenda kwa mwanamke, ukaona heri niende kwa nyati."

"Nilitaka avimbe uso tu. Nilikuwa na wivu, Kimya. Wivu mpaka chakula hakipiti. Umepokea kisu chake ukachekelea. Umezihifadhi barua zake."

"Barua zake?" Akafungua mkoba wake wa kazini, akatoa bahasha nene, akaniwekea mikononi. "Angalia."

Zilikuwa nakala zangu. Zote za miezi minane, zimenyooshwa vizuri, pembe zimechakaa kwa kushikwashikwa. Barua ya mgeni haikuwemo hata moja.

"Unajua mimi unaniandikia nini?" akasema, akitoa simu yake. Akaanza kunisomea kama anasoma hotuba. "'Umefika?' 'Lete betri za tochi.' 'Maziwa yameisha.' 'Usichelewe.' Miaka mitatu ndiyo hayo. Halafu mtu usiyemjua anaulizwa kidole chake kama kinabanwa. Nikawa nasoma najiambia, kumbe maneno anayo. Ila hanipi mimi."

"Kwa hiyo ukakubali siku ishirini na moja."

"Nilitaka uninyime ruhusa. Nikasimama pale mlangoni nasubiri. Ukaniambia kazi ni kazi."

Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia. Watu wazima wawili, kila mmoja ananuna upande wake, na katikati yetu mwanamke wa watu amevuka bahari akiwa buluu tupu.

"Ukumbi sijaufuta," nikamwambia. "Kila siku nilisema nitawapigia kesho."

Akasimama, akafungua mlango.

"Nenda kamwambie ukweli," akasema. "Jina langu limeandika vya kutosha."

Safari ya kutoka stoo hadi barazani ni hatua ishirini. Sijawahi kutembea mbali vile. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, sheria ya Bosi, barua, harusi, buluu. Sikujitetea, maana hakukuwa na cha kushika.

Daktari wa Meno alivua kofia, akaiweka juu ya meza.

"Zote uliandika wewe?"

"Zote."

"Hata ile ya kidole?"

"Hata ile ya kidole."

"Ulipouliza, ulikuwa unataka kweli kujua?"

"Siku ile ndiyo. Nilikuwa na wasiwasi na miguu yako. Wivu ulikuja baadaye."

Akageuza uso pembeni, akakaa hivyo. Nilidhani ataita gari limrudishe. Hakuna anayefurahi kugundua mtu aliyempenda kwa miezi minane hayupo, na aliyepo ni karani mwenye kinyongo. Aliponigeukia macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ya daktari.

"Nimelenga shabaha nimesimama kila asubuhi kwa sababu yako. Nimekuja kuwinda nyati, nitawinda nyati. Siku saba, kama nilivyoomba mwanzo." Akashika kola ya shati lake. "Na hizi nguo umenivalisha wewe. Nivalishe nyingine."

Nikampigia dada.

"Una kitambaa cha kaki?"

"Ninacho. Cha nani?"

"Cha yule mwanamke. Mashati mawili, suruali mbili, kabla jua halijazama."

"Nina gauni lako mezani, shanga zote ziko wazi."

"Liweke pembeni."

Dada alicheka mpaka cherehani ikanyamaza.

"Njoo na mikono yako," akasema. "Mapindo utashona mwenyewe."

Nikampeleka mgeni kwa dada, nikampima kiuno, nikampima miguu, nikashona mapindo manane nikichomwa na sindano. Yeye alikaa kwenye kigoda anatoa nyuzi za muda. Hatukuongea mengi. Mara moja tu aliuliza:

"Yeye huwa ni kimya hivi siku zote?"

"Siku zote."

"Basi barua zile kweli zisingekuwa zake," akasema, na kwa mara ya kwanza tukacheka pamoja.

Asubuhi Bosi, aliyekuwa ameshasikia yote, aliniita, akanisimamisha kuandika barua mpaka mgeni yule arudi salama. Nikakubali. Siku sita nilipanga faili na kusikiliza kila gari linalopita. Kitaluni hakuna mtandao wa simu.

Siku ya saba dereva wa gari la mahitaji akatangulia kuingia.

"Wako nyuma yangu, wazima wote," akasema. "Mgeni amepata nyati wake siku ya tano, risasi moja, amesimama kama mti. Hizi ni zako."

Akanipa karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Daktari wa Meno, na juu yake, badala ya jina la mwindaji, aliandika: "Kwa aliyeniuliza habari za kidole changu." Ndani kulikuwa na mstari mmoja: "Hakikubanwa."

Ya pili ilikuwa imefutwafutwa, wino umevuja, herufi zinapanda na kushuka. Mtu alitoka jasho kweli juu ya karatasi ile. Iliandikwa hivi:

"Mpenzi wangu. Hii ni safari yako ya kwanza na mimi ndiye nitakayetembea nawe. Viatu vyako vya harusi usije navyo vikiwa vipya. Anza kuvivaa sasa, nusu saa kila siku. Je, vinakubana kidole kidogo? Niambie bila aibu."

Nikaisoma mara tatu. Halafu nikavitoa viatu kwenye boksi chini ya meza, nikavivaa, nikaanza kuzunguka ofisi, kutoka kabati la faili hadi dirishani na kurudi. Vilibana kidogo. Niliposikia gari lake linaingia uani, nilikuwa bado na dakika kumi za ile nusu saa, nikaenda kumpokea navyo.